Naomba ushauri: mwanangu mfupi, ni damu au ni lishe?
Habarini wapendwa, niko Moshi. Kijana wangu ametimiza miaka 5, nimempima juzi ana sentimita 101 wakati wastani wa WHO kwa wa kiume wa umri huo ni 110. Baba yake ana 180 mimi 158, nesi akapiga hesabu, mnajumlisha za wazazi mnaongeza 13 mnagawa kwa 2, yaani ukubwani angefika kama 175, sasa mbona yuko hivi?

Mama mkwe anasema ni damu ya kwetu, nitulie. Ila mi roho inaniuma jamani, maana alipoacha ziwa alikuwa anaharisha kila mara na msosi wake ulikuwa uji mtupu na mtori usio na nyama, hali ilikuwa ngumu, na naambiwa zile siku 1000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndo zinaamua sana. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, hakuumwa hivyo na sasa anakaribia kumfikia.

Mliopitia hili, kuna kufidia kweli? Nianze na mayai, dagaa na maziwa au nimuwahishe kwa daktari wa watoto acheki minyoo na homoni? Naombeni msaada.