Mjomba anaruka mambo ya televisheni kwenye kitabu chake, naomba ushauri

Wakuu, namsaidia mjomba wangu hapa Kampala kuandika kumbukumbu zake za uigizaji. Jukwaa la National Theatre, lile lililofunguliwa 1959, kalipa sura nne nzima. Televisheni alikoanzia miaka ya 1980 kaipa mistari miwili! Nikimbana anacheka tu: aliigiza maiti, akapiga chafya kamera ikimtazama, na nauli ya kurudi nyumbani akajilipia mwenyewe. Ushahidi haupo, maana kanda zilikuwa ghali, zikifutwa na kurekodiwa kitu kingine. Mimi naona utamu uko hapo hapo. Yeye anasema mtu mzima havuliwi nguo sokoni. Nimshawishi vipi bila kumvunjia heshima? Au niache, kwa kuwa kitabu ni chake?