Naomba ushauri: mpaka wa Namanga baada ya masharti ya Korona kulegezwa

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Arusha, nanunua nyanya Ngarenanyuki napeleka Nairobi. Machi hii ya 2022 Kenya imeondoa kipimo cha Korona cha maabara (PCR) kwa msafiri aliyekamilisha chanjo, na Tanzania nayo imefanya hivyo kwa wanaoingia. Afadhali, maana kile kipimo kilikuwa kinakula faida, na nyanya haingoji majibu ya maabara.

Sasa, mimi nilichanjwa Janssen mwaka jana, ile ya dozi moja, kwa hiyo nahesabika nimekamilisha. Ila nina kadi tu, cheti cha mtandaoni chenye msimbo wa kuskani sijachukua. Waliopita Namanga karibuni, maafisa wa afya wanaipokea kadi? Nisije nikarudishwa na mzigo uko ndani ya Fuso.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni dereva. Hajachanja na hataki hata kusikia (ubishi wake mnaujua madereva wenzake). Madereva wa mizigo walikuwa na utaratibu wao wa kupimwa tangu 2020. Bado upo, au naye anahesabiwa kama abiria? Nimlipie kipimo, au nitafute dereva mwingine? Huyu barabara anaijua vizuri, sitaki kumpoteza. Gari linapakia Alhamisi.