Mrejesho: mbao za tela la boti

Wakuu, habari za siku. Niliuliza nitumie mbao gani kwenye tela la boti yangu ya faiba, futi 16, hapa Mwanza, baada ya moja ya zile mbao mbili zinazobeba tumbo la boti kukatika nikiipandisha kutoka ziwani. Ahsanteni kwa ushauri.

Nimeweka mvule. Wengi mlisema paini iliyotiwa dawa, na kweli bei yake ni nafuu, ila niliyoipata ilikuwa mbichi, ikapinda ndani ya wiki. (Mwenye boti ya alumini awe makini: dawa yenye shaba huila alumini, asiiegemeze moja kwa moja.)

Nilipofungua zile kuukuu ndipo nikaliona kosa langu. Uozo ulianzia kwenye matundu ya bolti na kwenye ncha, maji yamenaswa chini ya zulia linalofunika mbao ili boti isikwaruzwe. Juu palionekana pazima kabisa! Safari hii nimetoboa kwanza, ndipo nikapaka mafuta ya kitani mara tatu, ncha na matundu nikiyanywesha mpaka yakagoma. Matambara yenye mafuta hayo msiyarundike, huweza kushika moto yenyewe. Vichwa vya bolti nimevizamisha visikwaruze boti, na zulia limefunika juu na ubavuni tu. Chini nimeacha wazi mbao ipumue.

Miezi saba sasa, mbao ziko imara. Zulia la kulia ndilo linachakaa haraka. Fundi anasema springi ya upande huo imelegea.