Wiki ya 36, mtoto ametanguliza matako: ageuzwe au nipasuliwe?

Mtarajiwa_Umoja
Habari kina mama. Mimba ya kwanza hii. Jana kliniki mkunga alinipapasa akakuta kichwa kiko juu, chini ya mbavu. Picha ikathibitisha. Daktari amesema ama wajaribu kumgeuza kwa mikono, ama upasuaji wiki ya 39. Nyinyi mlifanyaje? Usingizi umenipaa.

MamaKayole
Pole mpenzi. Wangu aligeuzwa wiki ya 37, mimba ya pili. Walisikiliza moyo wa mtoto, wakanidunga sindano ya kulegeza mji wa mimba, wakanipaka jeli. Daktari mkono mmoja kwenye matako, mwingine kichwani, akasukuma polepole. Inauma, sikufichi. Kuna wakati tumbo lilipanuka ubavu kwa ubavu, mtoto amelala kama kiazi kitamu, kisha akateleza chini. Nilijifungua kawaida.

Mama_Wawili
Wangu alikataa kugeuka. Nikapasuliwa. Mtoto mzima, namshukuru Mungu, lakini wiki sita sikuinua ndoo ya maji, na mimba iliyofuata kovu lilinifanya nifuatiliwe kwa karibu. Usichague kisu kwa kukimbia maumivu ya dakika chache.

Mkunga_Mstaafu
Mwanangu, kugeuza hufaulu karibu nusu ya mara, zaidi kwa waliowahi kuzaa. Kufanyike palipo na thieta, maana takriban mmoja kati ya 200 hulazimika kupasuliwa haraka. Kama umetokwa na damu karibuni au kondo limeziba njia, hapana. Ukiwa na kundi la damu hasi, kama O hasi, waambie, kuna sindano yake. Na nakusihi, usiende kukandwa tumbo mtaani. Kondo likibanduka huko, nani atakuokoa?

Mtarajiwa_Umoja
Na nikimzaa hivyo hivyo? Mama mkwe anasema mume wangu alitanguliza matako, tena nyumbani.

Mkunga_Mstaafu
Inawezekana, nimewazalisha wengi. Shida ni kichwa kuja mwisho. Baada ya utafiti mkubwa wa mwaka 2000 kuonyesha upasuaji uliopangwa ni salama zaidi kwa mtoto, hospitali nyingi ziliacha kuzalisha hivyo, na mikono iliyozoea ikapungua. Uliza nani atakuwa zamu. Akitanguliza mguu, usijaribu, kamba ya kitovu yaweza kutangulia. Chupa ikipasuka, hata usiku wa manane, usingoje matatu ya alfajiri.

Mtarajiwa_Umoja
Asante mama. Nimefungua kijitabu cha kliniki: O hasi, na hakuna aliyewahi kunieleza. Nimeizungushia kalamu nyekundu. Jumatatu naenda ageuzwe.