Dawa ya sukari inatibuje moyo?

Binti wa Tanga: Habari zenu. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili na anatumia metformini. Sasa moyo wake umeanza kushindwa kusukuma damu vizuri, na daktari amemwongezea empagliflozini. Dawa ya sukari inausaidiaje moyo?

Mfamasia: Pole kwa kuuguza, dada. Dawa hiyo huzuia figo kurudisha sukari kwenye damu, hivyo sukari hutoka kwa mkojo pamoja na chumvi na maji, na moyo hupunguziwa mzigo. Utafiti wa EMPA-REG OUTCOME wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa wa kisukari zaidi ya 7,000 wenye maradhi ya moyo na mishipa, ulionyesha vifo vitokanavyo na maradhi hayo vikipungua kwa asilimia 38 kulinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Muuguzi: Naongezea: akitapika, akiharisha au akishindwa kula, mpigieni daktari siku hiyohiyo, kwa sababu asidi inaweza kujaa kwenye damu hata kama kipimo cha kidoleni hakionyeshi sukari kupanda sana.

Binti wa Tanga: Ahsanteni sana. Metformini aendelee nayo?

Mfamasia: Kwa kawaida ndiyo, mradi vipimo vya figo viruhusu.