Tupeane uzoefu: ni lini ulijua tabia imekutawala?

Binti wa Bombo: Jirani yangu ameapa tena kwamba hatabeti, nikakumbuka mimi na mikopo ya simu. Daftari ndilo lililonifungua macho. Sikuandika pesa tu, niliandika na saa, na moyo ulikuwaje. Kumbe nilikuwa nakopa usiku, nikishagombana na watu wa nyumbani. Nyinyi je?

Mkazi wa Jinja: Hilo la kuandika saa ni kweli kabisa.

Dereva wa Malaba: Mimi nilikuwa wa waragi, pombe kali yetu ya Uganda. Ule wa kaveera, vile vifuko vya plastiki, ulipopigwa marufuku 2019 nilifurahi, nikasema sasa nimepona. Nikahamia chupa. Usiku mmoja tumeegesha Naluwerere, nataka tuondoke tuwahi foleni ya mpakani, funguo hazipo. Tanboi wangu, utingo wa lori, kazificha. Nilimtukana hadi wenye vibanda wakatoka nje. Kijana kimya, halafu akasema: "Mzee, nina mama Tororo ananitegemea. Sikupi." Tukalala pale pale. Asubuhi, bado nimefura, nikamwuliza kwani yeye anaona nini kwangu. Akanijibu: "Ukizima injini unapiga simu nyumbani. Wakipokea, unakula, unalala. Wasipopokea, unaenda dukani." Miaka yote nilisema ni baridi, ni uchovu wa barabara! Siku hizi mimi na mama watoto tuna saa yetu ya simu, na isipopokelewa, kijana ndiye anaenda kununua chakula. Mimi sishuki.

Kijana wa Arua: Huyo tanboi aongezwe mshahara leo leo.

Mama Kasese: Nimesoma mara mbili. Mungu ambariki mama yake.

Ustadhi wa Kawempe: Dawa ni swala. Mtu aache siku hiyo hiyo, moja kwa moja.

Nesi wa Mbale: Ustadhi, swala sawa, lakini hilo la pili ni hatari. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Aanzie hospitali. Butabika, hospitali ya akili ya Kampala, wana kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya.

Ustadhi wa Kawempe: Babu yangu aliacha siku moja, hakutetemeka.

Nesi wa Mbale: Alhamdulillahi. Lakini mwili wa babu si mwili wa kila mtu.

Kijana wa Arua: Na wa kubeti? Sheria ya 2016 inasema chini ya miaka 25 hairuhusiwi, ila mtaani kwetu vitoto vimejaa vibandani. Mpe mke laini yako ya pesa.

Mkazi wa Jinja: Mke utambembeleza. Mpe mama.

Mama Kasese: Nesi, kaka yangu amekubali kwenda Jumatatu. Aende na nani?

Nesi wa Mbale: Na mtu anayemwamini, na dawa zote anazomeza. Asikate pombe ghafla Jumapili ili aonekane mzima. Akianza degedege au kuona vitu visivyokuwepo, msingoje Jumatatu, mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo.