Moteri ya ndege kwa boti ya elisi ya juu, ya kupita mu matete ya Kisale: inawezekana ao ni makambo tu?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)
Jambo bakubwa. Miye niko Lubumbashi lakini kazi yangu ni samaki, napanda treni mpaka Bukama kisha nashuka na mto Lualaba kutafuta muzigo huko kwa maziwa ya Kisale na Upemba. Shida yangu ni matete na magugu-maji, ile moteri ya kawaida yenye elisi chini ya maji kila saa inajifunga, tunazima, mutoto anaingia mu maji na kisu kukata, tunawasha, mita mia mbele tena ile ile. Sasa niliona video za Marekani, kule Florida, boti ya chini bapa, moteri juu nyuma na feni kubwa inasukuma upepo, inapita juu ya majani sawa haiko kitu. Na kuna mutu hapa ananionyesha moteri ya Lycoming O-360, nguvu ya farasi 180, ilitoka mu kandege kadogo, inalala mu depo miaka mingi. Bei yake ni ndogo mpaka naogopa. Elisi yake pia ananipa bure. Niikamate? Nitaweka esansi ya kawaida? Nani anajua kuitunza?

Fundi_Ibanda (Bukavu)
Kaka, nilishika moteri za ndege ndogo miaka kadhaa kwa hiyo nisikilize mbele ya kutoa franga. Bei ndogo ni juu ya hayo maneno "inalala mu depo". Kwenye Lycoming ile shafti yenye kusukuma supape (vimilango vya silinda) iko juu ya vilebrekeni (shafti kubwa yenye kuzungusha elisi), moteri ikikaa bila kuwaka mafuta yote yanashuka chini, shafti inabaki kavu na kutu inaanza kuila pale pale. Kwa nje utaona moteri safi, imepakwa rangi hata, halafu kisha saa kumi za kazi filta ya mafuta imejaa unga wa chuma. Mwambie muuzaji atoe silinda moja tuangalie ndani. Akikataa, umepata jibu.

Omba pia kitabu cha moteri. Hiyo mashine inahesabiwa masaa, kwa O-360 kiwanda kinasema masaa 2000 ao miaka 12 ndipo inafunguliwa yote. Na uulize kama ile ndege ilipiga elisi chini hata mara moja, maana vilebrekeni inaweza kuwa na ufa usioonekana na macho.

Elisi ya bure achana nayo!! Ile ilitengenezwa kuvuta ndege ikiwa mbele. Wewe unageuza moteri, elisi inaangalia nyuma, sasa ukifunga ile ile boti yako itakwenda kinyumenyume na watu wa Kisale watakucheka mpaka Pasaka. Unahitaji elisi ya kusukuma, na isiwe ya kuokota okota.

Jambo la mwisho njo kubwa: manyeto. Moteri hii haihitaji batri kuleta moto kwenye buji (plagi), manyeto mbili zinajitengenezea umeme zenyewe. Kontakti ukiizima, ni waya mdogo tu unaofunga manyeto. Huo waya ukikatika, moteri iko hai hata funguo iko mfukoni mwako, mtoto akizungusha elisi na mkono inaweza kuwaka na mkono ukaenda. Kwa hiyo hakuna mtu kugusa elisi, hata siku boti imepaki. Na grilaji (wavu wa chuma) nzima kuizunguka, si vyuma viwili vya kuonyesha.

Mwana_Kamalondo
Asanti mukubwa. Ile ya elisi sikuijua kabisa, ningepata haya mbele ya batu. Na esansi?

Fundi_Ibanda
Ndege inatumia ile ya rangi ya bluu yenye risasi ndani, oktani 100. O-360 nyingi zinakubali kidogo chini ya hapo lakini esansi ya bido za barabarani, yenye hujui ilichanganywa na nini, itapiga kelele ndani ya silinda na kutoboa pistoni, na ikiwa na alkoli inakula mipira. Mafuta ya moteri ni karibu lita 7 na nusu, unabadilisha kila masaa 50 kama kuna filta, 25 kama ni kichujio cha wavu tu. Usiweke ya gari. Na usiiache ralanti (kuwaka polepole boti imesimama) ndefu ukiongea na wateja, silinda zinapozwa na upepo wa elisi, upepo ukiwa mdogo zinaiva.

Kituku_Moja (Goma)
Miye nacheka tu juu hapa kwetu mtu alitaka kitu kama hicho kwa ziwa Kivu. Kivu ina mawimbi, boti bapa yenye moteri nzito juu inapinduka, na kwa urefu huu wa mita 1460 moteri ya ndege isiyo na turbo inapoteza karibu 15 kwa mia ya nguvu. Kisale iko chini sana, huko hautapoteza hivyo. Lakini kaka ulihesabu esansi? Farasi 180 hata bila kuifinya yote inakunywa lita 35 mpaka 40 kwa saa. Kwa saa!! Samaki ya makayabo (ya chumvi) italipa hiyo? Na ukitoa mguu kwa gazi haukatishi kona tena, maana zile mikia mbili nyuma, zenye kugeuza boti, zinahitaji upepo wa elisi. Breki hakuna, kurudi nyuma hakuna. Na ukiipakia sana inakwama mu matete sawa kiboko aliyekufa.

Kenya_Garage (Lubumbashi)
Miye niko commune ya Kenya hapa Lubumbashi, natengeneza magari. Wengine kule Marekani wanaweka V8 ya gari, vipuri vinapatikana, esansi ya kawaida inakwenda. Ila moteri ya gari inataka tuuri (mizunguko kwa dakika) nyingi kupata nguvu na elisi haivumilii hizo, ncha zinakaribia mwendo wa sauti, kelele tu na nguvu inapotea. Lycoming inafika tuuri 2700 tu, ndiyo maana inafungwa moja kwa moja. Ya gari lazima reduktere (ya kupunguza tuuri za elisi) katikati, pia radiateri na maji. Uzito unapanda.

Mwana_Kamalondo
Nilirudi kwa mwenye moteri leo. Kitabu hakuna, anasema "kilipotea wakati wa kuhama". Nilimuomba atoe silinda moja akakasirika, eti ninamuona muongo. Nilimuacha. Kwa muzigo wa samaki Kituku yuko na haki, lita 40 kwa saa itanimaliza. Lakini sijaacha, nataka kaboti kadogo ka batu wawili ao watatu, ka kupita kwa wavuvi asubuhi kuona nani iko na samaki, muzigo wenyewe utoke na mitumbwi polepole. Mukubwa wa Kenya, kwa kazi hiyo farasi 180 si mingi sana? Moteri ndogo ya gari na reduktere, farasi ngapi kwa kuanza?

Kenya_Garage
Kuya garaji mukubwa, lakini leta vipimo vya boti kwanza. Urefu, upana wa chini, na ikiwa tupu ina kilo ngapi.